Mikebe ya Bi Lehemu

Nyumba ya Bi Lehemu ilikuwa na vyumba vitatu, na mwenyewe alikaa katika kimoja tu, tena kwa kubanwa. Viwili vilivyobaki vilikuwa vya mashine. Humo mlikuwa na kompyuta za zamani, zile ambazo kompyuta nzima ilikaa ndani ya kibodi. Mlikuwa na mashine za gemu zenye waya mfupi, zinazomlazimisha mchezaji akae puani mwa televisheni. Televisheni zenyewe, za kichogo, zilipangwa zikitazama ukuta kama watoto waliofukuzwa mezani. Plastiki zilizotoka dukani nyeupe zilikuwa zimeiva manjano. Mgeni aliyethubutu kuuliza vyote hivyo ni vya nini aliketishwa, akawashiwa mashine moja baada ya nyingine, mpaka akajuta kuwa na mdomo.

Jina la Bi Lehemu alipewa na mafundi wenzake katika karakana ya redio na televisheni alikomalizia ujana wake. Mwanzoni walimwita hivyo kwa kejeli, maana hawakuwa wamezoea kuona mwanamke ameshika chuma cha moto kisichokuwa pasi ya nguo. Kejeli ikaisha, jina likabaki. Maungio yake ya waya yalikuwa madogo, yaking'aa, hayana donge wala tongotongo, na fundi yeyote wa pale aliweza kufungua redio asiyoijua na kusema, "Hii imepita kwa Bi Lehemu."

Mashine zilianza kumjia hukohuko kazini. Mteja analeta kompyuta imezimika, anaambiwa arudi Ijumaa, harudi. Kumbe ameshanunua mpya. Mwenye karakana anataka ikatupwe. Bi Lehemu roho inamuuma, anaibeba kwapani mpaka nyumbani. Baadaye ofisi zikabadilisha vifaa, shule nazo zikabadilisha, naye hakukosa mlangoni siku ya kutoa vitu nje. Waliokuja kwake wakaziita takataka hawakukaribishwa chai tena.

Kuzitunza si kuzipangusa vumbi. Watu hudhani kitu kikiwa kabatini kimepumzika. Wapi! Betri ndogo iliyosahauliwa ndani huvuja taratibu, ule uvujaji ukala njia za shaba moja baada ya nyingine, na kwa nje mashine inapendeza vilevile. Siku ukiiwasha ndiyo unajua kwamba ilikufa zamani. Bi Lehemu alizitoa betri hizo zote kwa mkono wake, akabadilisha na kapasita zilizovimba vichwa, akasafisha kaseti za gemu kwa spiriti na kijiti cha pamba.

Lakini alichokichukia kuliko kutu ni adapta kuukuu. Adapta ya zamani, kwa maneno yake, ni nyoka aliyelala: siku ikiamua kuharibika inapitisha umeme kupita kiasi, na mashine iliyodumu umri wa mtu mzima inakufa kufumba na kufumbua. Kwa hiyo alizitupa zote akatengeneza zake. Alichukua mikebe ya bati ya biskuti, akaipaka rangi ya kijivu nje na ndani, humo akafunga transfoma na vikorokoro vyake. Bati halitaki utani na umeme, kwa hiyo kila mkebe ulikuwa na waya wa ardhi uliolehemiwa kwenye pete ndogo, pete ikakazwa kwa skrubu kwenye mwili wa bati, ili umeme ukipotea njia ukimbilie ardhini badala ya kumkimbilia mtu. Akishafunga kifuniko alishika mita, ncha moja kwenye pini ya ardhi ya plagi, ncha nyingine kwenye bati, akafumba macho na kusikiliza. Ikilia, mkebe ni salama. Isipolia, hautoki mezani. Hiyo ilikuwa sala yake, na hakuna aliyewahi kumwona akiiruka.

Aliyeanzisha habari ya kupunguza ni binti yake, nesi, mtoto wake wa pekee. Alikuja siku moja akakuta sufuria imeungua mpaka imegeuka mkaa. Akaja tena akakuta nyingine. Bi Lehemu alizilaumu sufuria. Sufuria za siku hizi, alisema, ni karatasi tupu.

"Mama, hamia kwetu," nesi alimwambia. "Chumba kipo. Mjukuu wako anakuulizia kila siku. Ila hizo mashine..."

"Hizo mashine zimekukosea nini?"

"Hazijanikosea kitu, mama. Ni nyingi tu. Chukua chache unazozipenda, na meza yako ya kazi uje nayo. Nani atakukataza?"

Neno la meza ndilo lililomlegeza. Bi Lehemu angeweza kuishi bila nyumba, lakini si bila meza ya kazi. Akakubali, akaanza kugawa. Aligawa kama mtu anayeozesha binti: alikwenda kwanza kuiona nyumba, akakagua soketi, akachungulia kama paa linavuja, akauliza nani atakuwa anaishika. Mashine zikaenda moja moja, kila moja na mkebe wake wa kijivu. Fundi cherehani wa mtaa wa pili alipata kompyuta. Kinyozi alipata mashine ya gemu ya kuwatuliza wateja wanaosubiri. Nzuri kuliko zote, ile isiyokuwa na mkwaruzo, alimpelekea mjukuu wake, binti wa miaka minane mwenye vidole vyepesi. Wengine waliopata walikuwa wa hapa na pale, watu aliowaamini. Vyumba vikaanza kutoa mwangwi.

Ndipo fundi cherehani alipotokea mlangoni asubuhi moja, mkebe mkononi, anacheka.

"Bi Lehemu, huu mkebe wako una utani. Unanitekenya vidole."

"Unakutekenya vipi?"

"Nikiugusa. Kama sisimizi wanatembea. Mke wangu hataki hata kupita karibu nao, anasema una jini."

Bi Lehemu hakucheka. Alimkalisha, akauweka mkebe mezani, akafungua. Waya wa ardhi ulikuwa unaning'inia, haukushikana na kitu. Na waya wa moto, ule unaoleta umeme kutoka ukutani, ulikuwa umechunwa ngozi kupita kiasi, shaba tupu, upana wa ukucha tu kutoka kwenye bati. Mtikiso mmoja, mtoto mmoja wa kuupiga teke chini ya meza, na bati lote lingekuwa umeme mtupu. Na bado kompyuta ilikuwa inawaka vizuri. Hapo ndipo penye hatari, maana kitu kinachofanya kazi hakuna anayekifungua.

"Nani ameufungua huu?" aliuliza.

"Aufungue nani? Mimi najua sindano na uzi. Umetoka kwako hivyohivyo."

Alitaka kumbishia. Mdomo ulikuwa tayari. Lakini macho yake yalishaona ungio la waya wa moto: dogo, linang'aa, halina donge. Mkono ule aliujua. Mkono wake mwenyewe ulikuwa umefanya kazi safi kabisa ya kumuua mtu.

Alimrekebishia, akafumba macho, mita ikalia, akampa. Fundi cherehani akaenda zake anaimba. Bi Lehemu alibaki mezani, na jambo la kwanza lililomjia lilikuwa vidole vya mjukuu wake.

Mtu mwingine angepiga simu palepale. Yeye alinyamaza, na tusimfanye malaika: alinyamaza kwa sababu ya meza. Alijua nesi atasema nini. Nesi hutumia sauti laini anapompa mgonjwa habari mbaya, na Bi Lehemu aliiogopa sauti hiyo kuliko shoti. Akishaambiwa kwa sauti ile kwamba mikono yake haifai, chuma cha kulehemu kitaingia kabatini, na yeye atageuka bibi wa kukaa kitini akiulizwa kama amekunywa dawa. Heri azunguke mwenyewe, mkebe kwa mkebe, kimyakimya, arekebishe kila palipoharibika. Nani atajua? Hata kwa mjukuu angekwenda kwa gia ya kusalimia. Akajikaza, akatia bisibisi, koleo na mita kwenye mkoba.

Alianza kwa kinyozi kwa kuwa ni karibu. Duka lilikuwa limejaa. Mashine ya kunyoa ilikuwa inanguruma, redio inasema yake, na watoto wawili walikuwa wanagombania gemu mbele ya televisheni ya kichogo.

"Mama mkubwa!" kinyozi alimpokea, mkono mmoja juu ya kichwa cha mteja. "Umekuja kutunyang'anya?"

"Nimekuja kuangalia mkebe tu. Kazi ya kawaida."

"Angalia, mama, angalia. Duka ni lako."

Watoto wakanung'unika, mashine ikazimwa. Bi Lehemu alichuchumaa pembeni, akafungua mkebe. Waya wa ardhi ulikuwa mahali pake, lakini skrubu ilimtia shaka, akaitoa ili aikaze upya. Kinyozi akamuuliza ni kweli anahama. Akajibu. Mteja naye akadakia kwamba mama yake alihamia kwa mwanawe na sasa wananuniana kila asubuhi. Wakacheka. Mtoto mmoja akauliza, bado? Bi Lehemu akasema tayari, akafunga kifuniko, akashika mita, akafumba macho. Katika ngurumo ile na redio ile, kitu kililia, au alidhani kimelia. Akatoka moyo mweupe. Huyo mmoja, alijiambia, nimemmaliza.

Siku zilizofuata alizunguka. Alirudi jioni miguu inamuuma, akiamini mambo yanakwenda sawa. Mara mbili alikuta bisibisi haipo mkobani wala hajui ameiacha kwa nani, akanunua nyingine. Hakulitilia maanani. Bisibisi hupotea, ndiyo tabia yake.

Jumamosi alasiri akafika kwa binti yake. Alimwacha wa mwisho kwa sababu alikuwa anamwogopa, ndivyo alivyokumbuka. Mjukuu alikuwa amepiga magoti mbele ya televisheni, mchezo umekolea, na mkebe wa kijivu ulikuwa sakafuni kando ya goti lake. Kati ya bati na goti hapakuwa na nafasi ya kupitisha kiganja.

"Bibi! Nimefika hatua ya sita!"

"Simama," Bi Lehemu alisema. "Simama hapohapo, usiguse kitu."

Alichomoa plagi ukutani. Mtoto akapiga ukelele wa hatua ya sita iliyopotea. Nesi akatoka jikoni, kitambaa begani.

"Mama, shikamoo. Kuna nini tena?"

Bi Lehemu hakuitika salamu. Alikuwa ameshapiga magoti, kifuniko kimeshatoka. Waya wa ardhi ulikuwa unaning'inia. Waya wa moto ulikuwa uchi, na mara hii haukuwa na upana wa ukucha. Ulikuwa umegusa rangi ya kijivu. Rangi tu, ile aliyoipaka kwa brashi ya mkono wake, ndiyo iliyosimama kati ya umeme na goti la mtoto. Alikaa sakafuni.

"Mwanangu," alisema, "nilikuletea kifo ndani ya mkebe. Tangu siku ile nilipouleta, mtoto huyu amekuwa akicheza na kifo, na mimi ndiye niliyemletea."

Nesi alimtoa mtoto nje kwanza. Kisha akarudi, akainama, akatazama ndani ya mkebe kwa muda. Si fundi, lakini hakuwa mjinga, na alikuwa amelelewa chini ya meza ya kazi.

"Huu waya wa kijani na njano," alisema, "si ndio unaokazwa kwenye bati?"

"Ndio huohuo."

"Basi siku uliyouleta ulikuwa umekazwa. Ulinifungulia ukanionyesha, unajisifu, mimi nikapiga picha." Akatoa simu, akatafuta, akamwonyesha. Picha ilikuwa angavu. Waya wa ardhi ulikuwa umekaa juu ya skrubu yake, ungio linang'aa, na ukingoni mwa picha kilionekana kidole cha Bi Lehemu kikionyesha hapohapo.

Bi Lehemu aliitazama picha, akautazama mkebe, akaitazama tena picha. "Basi kuna mtu ameufungua."

"Ni wewe, mama."

"Mimi lini?"

Sauti laini ikaja, ileile. "Juzi. Ulikuja juzi, mama. Ulikaa papa hapa sakafuni, ukasema umekuja kukaza skrubu, kazi ya kawaida. Ukanywa chai. Ukanisimulia habari za fundi cherehani na mke wake anayesema mkebe una jini. Ukasahau bisibisi yako, iko pale juu ya friji. Na Jumanne pia ulikuja. Nilidhani ni upweke tu, ukawa unatafuta kisingizio cha kuja kumwona mtoto. Nikaona nisikuaibishe."

Bi Lehemu aligeuza shingo. Bisibisi ilikuwa juu ya friji, yenye mpini mwekundu. Alitafuta kichwani hiyo juzi, alitafuta chai, alitafuta mlango wa nyumba hii ukifunguliwa, na hakukuta kitu. Hakukuta hata giza. Palikuwa patupu, kama hapajawahi kuwa na siku.

Kwanza alilia, na hakuona haya. Nesi alimshika mabega. Lakini katikati ya machozi yale ufundi wake, ambao ulikuwa haujamtoka, ulifanya hesabu yake wenyewe, na jibu lilipomjia machozi yalikauka. Kama huu ulitoka kwake mzima ukaharibikia hapa, basi hakuwa akizunguka kurekebisha. Wiki nzima alikuwa akienda nyumba kwa nyumba na bisibisi, akifungua mikebe iliyokuwa salama.

"Kinyozi," alisema. "Nipe simu. Nipe simu haraka!"

Simu iliita sana. Ilipopokelewa, muziki wa gemu uliingia kabla ya sauti ya mtu, ule wimbo mfupi unaojirudia, na nyuma yake kelele za watoto.

"Mama mkubwa! Leo hapa hapatoshi, shule zimefungwa..."

"Zima hiyo mashine ukutani."

"Nini? Sikusikii vizuri."

"Zima ukutani! Mkebe usiuguse. Mkebe ni mbovu, unaweza kuua mtu."

Kinyozi alicheka, kicheko cha upendo kabisa. "Mkebe wako wewe uwe mbovu? Acha utani, mama. Si umeukagua mwenyewe juzijuzi, na jana tena ukapita? Kilichofungwa na Bi Lehemu mimi sina wasiwasi nacho, nikilala nacho kitandani nalala. Hebu, we kijana, usogeze huo mkebe, unamkwaza mteja..."

Na jana tena. Jina alilolijenga maisha yake yote lilikuwa limesimama mlangoni pa duka lile, limezuia asiingie. Hapakuwa na njia ya kulizunguka. Ilibidi alivunje.

"Mimi si fundi tena!" alipiga kelele mpaka mjukuu akachungulia dirishani. "Unanisikia? Kichwa changu kimeharibika! Sijui ninachofanya, nafungua vitu vya watu naviharibu na sikumbuki! Mimi si fundi! Mwambie mtoto aache! Zima!"

Muziki ukakatika.

Bi Lehemu alisikia pumzi yake mwenyewe, na vidole vya nesi vikimbana begani. Alisubiri kilio. Alisubiri mtu aanguke. Kilichokuja ni sauti ya kinyozi, ndogo, haina utani hata chembe.

"Nimezima. Nimevuta plagi. Hakuna aliyeugusa." Akazima na redio. "Mama, unaumwa?"

"Ndiyo," alisema. "Naumwa."

"Pole, mama. Pole sana. Na hao wengine je? Hawa watoto wanaweza kukimbia sasa hivi kuwaambia. Umempa nani mwingine?"

Nesi naye alikuwa ameshashika funguo, amesimama mlangoni, anangoja majina. "Nani mwingine, mama? Uliandika popote?"

"Sikuandika. Niliwachagua mwenyewe, mmoja mmoja. Niliingia ndani ya nyumba zao nikakagua soketi."

"Basi nitajie."

Bi Lehemu alifungua mdomo kuwataja, na pale majina yalipokuwa akakuta patupu, kama ile juzi.